Mkono wa Gia na Giaboksi: Kurekebisha Kiungo cha Gari Kuukuu la Otomatiki

Usafiri wa watu katika mji wa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita, unategemea kwa kiasi kikubwa magari madogo yaliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika Tanzania. Magari hayo, ambayo wenyeji huyaita michomoko, hubeba wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakulima, wafanyabiashara na wagonjwa kwenda Geita, Kahama na vijiji vilivyo katikati. Mengi yametengenezwa Japani. Toyota Corolla, Mark II na Noah za miaka ya 1990 ni mifano inayofahamika sana. Sehemu kubwa ya magari hayo ina giaboksi ya otomatiki, yaani ile inayobadili gia yenyewe bila ya dereva kukanyaga klachi.

Baada ya miaka ishirini au thelathini ya kazi, magari ya namna hii huonyesha dalili zinazowatatanisha wenye mali. Dereva huweka mkono wa gia penye herufi P, akazungusha ufunguo, na injini isiwake mpaka autikise mkono huo. Pengine herufi inayoonyeshwa mbele ya dereva ni N, na huku gari linajivuta lenyewe. Pengine gari huwekwa D, likakaa kitambo bila kuondoka, kisha likashtuka. Mwenye gari aghalabu huambiwa kwamba giaboksi imekufa, na kwamba hana budi kununua nyingine. Lakini si mara chache kasoro haimo ndani ya giaboksi hata kidogo. Imo katika kiungo kinachounganisha mkono wa gia na giaboksi, na kukirekebisha hakuhitaji zaidi ya spana moja au mbili, maarifa na uangalifu.

NAMNA GIABOKSI INAVYOFANYA KAZI

Injini ya petroli haina nguvu ya kutosha inapozunguka polepole, na haiwezi kuzunguka kwa kasi kupita kiasi bila kuharibika. Kwa hiyo pahitajika chombo cha kubadili uwiano kati ya mzunguko wa injini na ule wa magurudumu. Katika gari la kawaida kazi hiyo hufanywa na dereva kwa klachi na gia. Katika gari la otomatiki hufanywa na oili, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, ikisukumwa na pampu.

Kati ya injini na giaboksi hiyo pana chombo cha mviringo kilichojaa oili. Kanuni yake ilivumbuliwa na mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, ambaye aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli. Ili kuielewa, chukua mfano wa feni mbili zilizowekwa zikitazamana. Moja ikiwashwa, upepo wake huizungusha ya pili, ijapokuwa hazigusani. Ndani ya chombo hicho oili imeshika nafasi ya upepo. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors, iliyowekwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940.

Nyuma ya chombo hicho zimo gia zilizopangwa mfano wa jua na sayari zinazolizunguka. Sehemu mbalimbali za gia hizo hushikwa au huachiliwa na klachi ndogondogo, na kila klachi hubanwa kwa shinikizo la oili. Ni klachi ipi ibanwe na ipi iachwe ni jambo linaloamuliwa na vali. Kati ya vali zote, moja ndiyo iliyo chini ya amri ya dereva, nayo ni vali ya kuchagulia. Hiyo ni fimbo nyembamba ya chuma inayoteleza ndani ya tundu lake, ikifunguliwa njia hii na kuifunga ile.

Mkulima wa mpunga wa Usukuma hatapata taabu kuielewa kazi ya vali hiyo. Katika majaruba, maji huelekezwa kwa kufungua mlango mmoja wa tuta na kuziba mwingine. Mlango ukiachwa nusu wazi, jaruba lililokusudiwa halijai, na lile lisilokusudiwa huvujiwa. Ndivyo ilivyo kwa vali ya kuchagulia inaposimama katikati ya nafasi mbili.

KIUNGO NI MJUMBE TU

Mkono wa gia anaoushika dereva hauigusi vali hiyo moja kwa moja. Mkono husukuma au huvuta kebo, au katika magari mengine fimbo za chuma, na kebo hiyo huzungusha wenzo mdogo uliofungwa nje ya giaboksi. Wenzo nao huzungusha mhimili unaoingia ndani, na mhimili ndio unaosogeza vali.

Juu ya mhimili huo, ndani ya giaboksi, imefungwa sahani ya chuma yenye mabonde kama meno ya kitana. Roda ndogo inayosukumwa na springi hudondokea katika bonde moja baada ya jingine. Kila bonde ni nafasi moja: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ambayo ni nyutro au "frii" kama madereva wasemavyo, D ya kwenda mbele, kisha 2 na L za gia nzito. Roda inapotulia bondeni, vali huwa imesimama mahali pake barabara. Mtikiso anaouhisi dereva mkononi anapobadili gia ni roda hiyo ikivuka kutoka bonde hadi bonde.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Nafasi ya kweli ya gia ni ile iliyopo kwenye mabonde ya sahani, ndani ya giaboksi. Herufi zilizo mbele ya dereva ni habari tu, na kebo ni mjumbe anayeileta. Mjumbe akiwa mkweli, herufi na bonde hupatana. Kebo ikilegea au ikivutika, dereva huona P na huku roda imekaa ukingoni mwa bonde, nusu P na nusu R.

SABABU ZA KIUNGO KUPOTEZA KIPIMO

Kebo haipotezi kipimo chake bila sababu. Katika ncha zake mna bushi ndogo za plastiki au mpira. Joto la injini huzikausha, na vumbi jekundu la barabara za udongo na changarawe huzisaga mpaka matundu yao yakapanuka. Hapo mkono wa gia husogea kidogo bila kusogeza chochote upande wa pili.

Sababu ya pili ni raba zinazoshikilia injini na giaboksi. Raba zikichanika, giaboksi nzima hucheza kila gari linapopita kwenye shimo, na umbali kati yake na mkono wa gia hubadilika. Sababu ya tatu ni kipande cha chuma kinachoshikilia kebo, ambacho huweza kupindwa na jiwe. Ya nne ni kutu ndani ya ala ya kebo, hasa baada ya msimu wa mvua. Ya tano ni kazi ya binadamu, yaani giaboksi kuteremshwa kwa matengenezo na kurudishwa bila kebo kupimwa upya.

Fundi mwangalifu hutafuta sababu hizo kwanza. Kurekebisha kebo yenye bushi iliyokwisha ni sawa na kupima kwa rula iliyovunjika, kwani kipimo kitapotea tena kabla ya mwezi kwisha. Hali kadhalika, bushi iliyopotea isibadilishwe kwa waya wa kufungia wala ukanda wa mpira. Vitu hivyo hunyumbuka, na kiungo kinachonyumbuka hakiwezi kuleta habari ya kweli.

MADHARA YAKE

Madhara ya kwanza huipata giaboksi yenyewe. Vali ikisimama nusu njia, oili hufika kwenye klachi kwa shinikizo dogo. Klachi hushika kwa ulegevu, huteleza, na mtelezo huzaa joto. Oili iliyo nyekundu hugeuka kahawia na kunuka kuungua. Hivyo kasoro ya kebo, ambayo ingetengenezwa kwa saa moja, huishia kuua giaboksi nzima. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Madhara ya pili huwapata watu, nayo ndiyo makubwa zaidi. Gari linapowekwa P, kilimi cha chuma huingia kati ya meno ya gia iliyofungwa kwenye mhimili wa kutokea wa giaboksi, na magurudumu yanayoendeshwa hufungika. Kilimi hicho kisipoingia sawasawa, gari huonekana limeegeshwa, kumbe halijashikwa na kitu. Kama injini inaunguruma, mtikiso wake waweza kuitoa roda ukingoni na kuitumbukiza katika bonde la R. Oili hujaa katika klachi ya kurudi nyuma, na gari huondoka kinyumenyume bila dereva. Anayekuwa nyuma wakati huo ni abiria anayeshusha mzigo wake, mchuuzi wa stendi au mtoto.

Hatari hii si ya kubuni. Nchini Marekani, katika miaka ya 1970, idara ya serikali inayosimamia usalama wa magari ilipokea malalamiko mengi kwamba magari ya Ford yaliyodhaniwa kuwa katika P yalirudi nyuma yenyewe, na watu wakaumia na kufa. Chanzo chake kilibishaniwa sana. Mwaka 1980 yalifikiwa mapatano, na wenye magari yapatayo milioni 23 yaliyotengenezwa kati ya 1966 na 1980 wakapelekewa vibandiko vya onyo. Maagizo yake yalikuwa mepesi: kabla ya kutoka ndani ya gari, hakikisha mkono wa gia umeingia P, vuta breki ya mkono, zima injini. Maagizo hayo yanamfaa dereva wa Kharumwa kama yalivyomfaa dereva wa Marekani.

KABLA YA KUANZA KAZI

Kazi hii hufanyika karibu na magurudumu na mara nyingine chini ya gari. Kwa hiyo usalama hutangulia. Gari liwekwe mahali palipo sawa na pagumu. Injini izimwe na iachwe ipoe. Magurudumu yazuiwe kwa mawe makubwa au vipande vya mbao, mbele na nyuma. Ikiwa gari litainuliwa, likalishwe juu ya stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Fundi akumbuke pia kwamba breki ya mkono, katika magari mengi, hushika magurudumu ya nyuma. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla, likiinuliwa mbele bado breki hiyo hulizuia. Lakini gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark II, likiinuliwa nyuma breki ya mkono haisaidii tena. Kinachobaki ni vizuizi vya magurudumu ya mbele.

Katika Corolla wenzo wa giaboksi huonekana juu ya giaboksi, chini ya boneti, na pengine hulazimu kuondoa betri au sanduku la chujio la hewa. Katika Mark II na Noah za miaka hiyo wenzo upo ubavuni mwa giaboksi, chini ya gari.

Pana kebo nyingine inayotoka kwenye kabureta au mlango wa hewa wa injini na kuingia katika giaboksi nyingi za zamani. Hiyo hupima kiasi cha kukanyagwa kwa mafuta na ina kipimo chake chenyewe. Isichanganywe na kebo ya mkono wa gia, wala isiguswe katika kazi hii.

HATUA ZA KUREKEBISHA

Kanuni ni moja: giaboksi hutangulia na mkono wa gia hufuata. Wanaokosea huweka kwanza mkono wa gia, kisha wakailazimisha giaboksi ifuate.

1. Legeza nati inayobana ncha ya kebo au fimbo kwenye wenzo wa giaboksi. Nati isitolewe, ilegezwe tu kiasi cha kuuacha wenzo uwe huru.

2. Sukuma wenzo kwa mkono mpaka mwisho wa upande wa P. Wenzo una miisho miwili, mmoja wa P na mwingine wa L, na usipohakikisha waweza kuukosea. Hakikisha hivi: magurudumu yote mawili yanayoendeshwa yakiwa yameinuliwa, na breki ya mkono ikiwa haiyashiki, watu wawili wayazungushe kwa pamoja kuelekea upande mmoja. Katika P yatagoma. Gurudumu moja likizungushwa peke yake lisitumiwe kama ushahidi, kwa kuwa lile la pili laweza kuzunguka kinyume hata kilimi kikiwa kimeshika.

3. Rudisha wenzo mabonde mawili, ukihesabu mitikiso ya roda. Mtikiso wa kwanza ni R, wa pili ni N. Zungusheni tena magurudumu mawili kwa pamoja. Safari hii yatakubali.

4. Ndani ya gari, weka mkono wa gia penye N. Magari mengine hayaruhusu mkono kutoka P mpaka ufunguo uwe umewashwa na breki imekanyagwa. Ufunguo uwashwe bila kuiwasha injini.

5. Msaidizi aushike mkono wa gia na kuuegemeza taratibu upande wa R, bila kuutoa katika N. Ulegevu mdogo uliomo katika kebo sasa umeondolewa upande mmoja.

6. Kaza nati bila kuusogeza wenzo. Nati hii ni ndogo. Ikazwe kwa nguvu ya wastani, isije ikakatika.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini N ndiyo iliyochaguliwa. Sababu ni kwamba P ipo ukingoni. Katika ukingo, mkono wa gia waweza kugota kwenye plastiki yake kabla ya wenzo kugota ndani ya giaboksi, na kosa lisitambulikane. N ina bonde pande zake zote mbili, kwa hiyo roda hukaa katikati yake kwa uhakika.

KUPIMA KAZI ILIYOFANYWA

Kazi isiyopimwa haijakwisha. Kipimo cha kwanza hufanywa injini ikiwa imezimwa. Peleka mkono wa gia kutoka P hadi L na kurudi, polepole. Kila mtikiso wa roda lazima upatane na herufi yake.

Kipimo cha pili ni starta. Shusha gari, kanyaga breki kwa nguvu, na jaribu kuwasha injini katika kila nafasi. Iwake katika P na N pekee. Kama mkono wa gia umekwisha kupatana na wenzo lakini injini bado haiwaki katika N, au inawaka penye R, basi swichi iliyo kwenye mhimili wa giaboksi ndiyo iliyohama. Swichi hiyo hulegezwa, alama zake zikalinganishwa wenzo ukiwa katika N, kisha ikakazwa. Taa nyeupe za nyuma nazo ziwake katika R tu. Wapo wanaoiondoa swichi hii kwa kuunganisha nyaya zake moja kwa moja; gari la namna hiyo laweza kuwaka likiwa ndani ya gia na kumvaa aliye mbele yake.

Kipimo cha tatu ni muda. Injini ikiwa na joto la kawaida na breki zimekanyagwa, hamisha mkono kutoka N hadi D, na baadaye kutoka N hadi R. Kwa giaboksi nyingi za Toyota za miaka hiyo, mshiko huhisiwa kabla ya sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R. Kati ya jaribio na jaribio injini iachwe ipumue dakika moja katika N.

Kipimo cha mwisho ni P. Katika mteremko mdogo, pasipo na mtu mbele wala nyuma, dereva abaki kitini, aweke P, kisha aachie breki polepole. Gari litasogea kidogo tu, likasimama. Likiendelea kuteremka, breki ikanyagwe mara moja, na gari lisirudishwe barabarani.

MIPAKA YA MAREKEBISHO HAYA

Marekebisho ya kiungo huondoa kasoro za kiungo, wala hayafufui klachi zilizoungua. Kwa hiyo yafaa oili ichunguzwe pia. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, hupimwa injini ikiwa inaunguruma na giaboksi ina joto, baada ya mkono wa gia kupitishwa nafasi zote na kurudishwa P. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha kuingia ndani. Aidha, magari mapya zaidi ambayo mkono wake wa gia ni swichi ya umeme hayana kebo ya kurekebisha, na maelezo haya hayayahusu.

Gari linalotoka Kharumwa likiwa na abiria huegeshwa mara nyingi kwa siku: sokoni, mbele ya zahanati, kwenye mialo ya dhahabu na kando ya makarasha ambako watu hupita wakiwa na viroba vya mawe mabegani. Kila mara dereva anapoweka P, watu hao wanategemea kilimi kimoja cha chuma ambacho hakuna anayekiona. Ni wajibu wa mwenye gari na fundi wake kuhakikisha kwamba herufi iliyo mbele ya dereva na bonde lililomo ndani ya giaboksi ni kitu kimoja. Na hata baada ya kuhakikisha hivyo, breki ya mkono ivutwe na injini izimwe, kila mara, kabla ya mlango kufunguliwa.